Tuta na Mwenye Jembe

Rangwi imekaa juu ya mabega ya Usambara, kaskazini mwa mji wa Lushoto, mahali ambapo shamba halilali bali husimama. Mkulima wa huko hupanda mahindi na maharage juu ya mteremko ambao mtu wa pwani, aliyezoea ardhi tambarare, angeuogopa hata kwa kupita tu. Mvua kubwa ikinyesha, maji huteremka pamoja na udongo, na udongo ukishafika bondeni haurudi tena. Anayedhani kwamba mwanamke wa Rangwi, ainamaye na jembe lake tangu alfajiri, haoni ardhi yake inavyokwenda, amedhani vibaya. Anaiona. Linalotakiwa kuulizwa ni jambo jengine: kwa nini mara nyengine huipokea dawa ya maradhi hayo, na mara nyengine huikataa hata mbele ya mahakama?

Jawabu lililozoeleka ni kwamba mkulima mdogo hapendi mambo mapya. Jawabu hilo huvunjwa na chungu chake mwenyewe. Mahindi, maharage, mihogo na viazi mviringo, vyote asili yake ni ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Lugha yenyewe imebakisha kumbukumbu ya ugeni huo, kwani jina la mahindi lawataja Wahindi, kana kwamba walioyapokea kwanza waliamini yametoka Bara Hindi. Mazao haya yalikwea milima kutoka shamba hadi shamba, mara nyingi bila ya bwana shamba wala amri ya serikali. Jirani alionja kwa jirani, akaomba mbegu, akajaribu pembeni mwa shamba lake kabla ya kulitia shamba zima. Hakika hakuna teknolojia iliyoenea Usambara kwa ukamilifu kuliko mbegu hizo.

Ama amri, hiyo ilikuja mwaka 1946. Serikali ya Waingereza ilianzisha katika bonde la Mlalo mpango wa kuhifadhi udongo, na baadaye ukatandazwa katika Usambara nzima. Kila mwenye kulima alitakiwa kuchonga matuta ya kukinga maji kwenye sehemu ya shamba lake, na asiyetii alishitakiwa na kutozwa faini. Kwa macho ya mtaalamu, hesabu ilikuwa sahihi: tuta huzuia maji, na maji yakizuiwa udongo hubaki. Lakini hesabu hiyo haikumhesabu mwenye jembe. Wanaume wengi walikuwa mbali, wakitafuta mshahara katika mashamba ya mkonge huko tambarare, kwa hiyo kazi ya matuta iliwaangukia wanawake, juu ya kazi zote walizokuwa nazo. Na palikuwa na khofu nzito kuliko uchovu: ardhi ikishatengenezwa hivyo, itabaki ya nani?

Mwanahistoria Steven Feierman, aliyeishi na Wasambaa na kuandika juu yao kitabu kilichotoka mwaka 1990, ameonesha jinsi mzozo ule ulivyosemwa kwa maneno ya wenyewe. Wasambaa wana msemo wa kuiponya nchi, kuzifya shi, na mwenziwe wa kuidhuru nchi, kubana shi. Mtawala hupimwa kwa mizani ya misemo hiyo miwili: mvua ikinyesha na watu wakashiba, ameiponya, njaa ikiingia, ameidhuru. Kwa mizani hiyo, matuta yaliyoletwa ili kuiponya ardhi yalionekana kuwa ni madhara, kwa sababu yaliwaumiza wanaokaa juu yake. Chama cha TANU, kilichozaliwa 1954, kiliikuta hasira hiyo tayari. Mwaka 1955 huko Uluguru amri ya matuta ilizaa ghasia, na kabla ya miaka ya 1950 kwisha, mpango wa Usambara nao uliachwa.

Basi lingetazamiwa neno tuta lifukiwe pamoja na ukoloni. Halikufukiwa. Mwaka 1981 ulianza Lushoto mradi wa kuzuia mmomonyoko na kupanda miti, uliojulikana kwa jina la SECAP, kwa ushirikiano na Wajerumani. Safari hii mstari wa kukinga maji ulipandwa majani, vichaka na miti. Majani yale yalikuwa chakula cha ng'ombe aliyefungwa zizini. Ng'ombe akatoa maziwa na samadi, na samadi ikarudi shambani. Mstari uliozuia udongo ulimlisha pia aliyeupanda, na kwa sababu hiyo wengi waliupokea. Tofauti ya tuta la 1946 na mstari huu si ya elimu ya udongo peke yake. Mtu alipewa kitu cha kuvuna kabla ya kuombwa asubiri.

Hata hivyo, wapo ambao mstari huo haukuwafika. Usambara ina watu wengi na ardhi haba, na wengi hulima shamba la kuazima. Kupanda mti kwenye ardhi ya mtu ni kama kuandika jina juu yake, kwa hiyo mwazimaji hupewa ruhusa ya mahindi na maharage lakini si ya mti. Mwanamke asiye na shamba lake anaweza kuhudhuria mafunzo yote, akayafahamu, na akarudi akalima kama jana. Katika daftari la mradi ataandikwa kuwa ni mtu aliyekataa. Ukweli ni kwamba alichokosa ni idhini, na hakuna mbegu bora wala ujumbe wa simu wa kutabiri mvua uwezao kumpa idhini hiyo.

Lipo jambo la kutia moyo. Mwaka 2012 wakulima wa kijiji cha Yamba, wilayani Lushoto, walisafirishwa hadi nyanda za juu za kusini, kwenye sehemu zenye hali ya hewa inayofanana na ile inayotazamiwa kuwajia wao. Waliwatazama wakulima wenzao wanavyoishi na hali hiyo. Ndiyo njia iliyopita mahindi zamani: mkulima kumuuliza mkulima.

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtaalamu ana haki ya kuleta kitanda kipya Rangwi. Kabla ya kukiteremsha, amuulize yule aliyeinama na jembe: shamba hili ni la nani, nani atafanya kazi hii, na watoto watakula nini msimu huu? Asiyeyauliza hayo atajibiwa kwa kimya, na kimya hicho atakiita ujinga.