Shanta, Tanga na Neno "Mwani"

Sisi walimu wa Kiswahili tunapofundisha somo la lahaja tumezoea kuchora pwani ubaoni kwa mstari mmoja mrefu. Juu kabisa tunaweka Barawa na Chimwiini yake. Tunateremka kwa Wabajuni, Lamu, Mvita, Mtang'ata na Unguja, hata tufike Kilwa, tuandike Kimgao. Hapo chaki huwa imebakia kipande, na kengele nayo inakaribia kulia. Mto Ruvuma unachorwa kwa haraka kama mpaka wa ulimwengu, na sehemu ya ubao iliyo chini yake inabaki tupu. Haya nitakayoyaeleza yahusu sehemu hiyo tupu ya ubao.

Mwezi wa Julai mwaka 2014, wakati wa likizo, tulifunga safari walimu watatu wa shule moja: mimi, mwenzangu wa Jiografia na mwenzetu wa Hisabati. Kila mmoja alibeba shanta yake mgongoni, na chakula tulikitarajia huko huko tuendako. Tulitoka Mtwara, tukavuka Ruvuma kwa mashua, tukapita Palma na Mocímboa da Praia katika magari ya mizigo yaliyotuchosha mifupa, na hatimaye tukafika Pangane, kijiji kilichojitokeza baharini kama ulimi wa mchanga, minazi imekijaa pande zote. Taabu za njiani sina haja ya kuzisimulia, maana kila aliyesafiri kwa gari la mizigo anazijua.

Kutoka Pangane tulielekea Macaloe, mojawapo ya visiwa vya Kirimba vilivyotapakaa mbele ya pwani ya Cabo Delgado. Nahodha aliyetuchukua alikuwa mtu mzima wa makamo ya baba yetu. Tulipomwamkia "Shikamoo," akaitikia "Marahaba" bila kusita, kisha akacheka kwa jinsi tulivyoshangaa. Alikwisha kukaa dago pwani za Mtwara na Kilwa misimu mingi ujanani mwake, akivua na kukausha samaki, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha wavuvi: kifupi, chenye chumvi, kisicho na neno la ziada.

Tulifika maji yakianza kutoka. Nahodha akatuambia kwamba ni bamvua, na kwa kuwa maji yangekupwa sana, mashua ingekaa juu ya mchanga mpaka alasiri. Kwa hiyo hatukuwa na la kufanya ila kukaa, na kukaa kwenyewe kulikuwa kutamu. Ratiba haikuwapo, wala mkuu wa shule, wala madaftari ya kusahihisha. Mwenzetu wa Hisabati alilala chini ya mti, kofia usoni, akalala usingizi wa mtu aliyelipwa malimbikizo ya mshahara. Bahari ilijivuta mbali hata tukaona majani na miamba iliyokuwa imefichwa na maji. Wanawake na watoto wakatoka na vikapu kutafuta chaza na pweza. Baadhi ya wale wanawake walikuwa wamejipaka nyuso zao weupe wa msiro, unga unaosagwa juu ya jiwe kwa maji kutokana na mti ambao wataalamu wa mimea huuita Olax dissitiflora. Mtu wa Unguja angekumbuka liwa.

Hapo ndipo nilipotoa daftari langu. Neno la kwanza nililoliandika lilikuwa "mwani". Kwetu sisi mwani ni yale majani ya baharini ambayo akina mama wa Paje na Jambiani huyapanda na kuyauza. Kwa wenyeji wa Cabo Delgado mwani ni pwani yenyewe, na lugha yao, Kimwani, ni lugha ya watu wa pwani. Bila shaka msomaji ameona mara moja kwamba neno "Mswahili" nalo limetokana na neno la Kiarabu lenye maana hiyo hiyo. Mataifa mawili ya ufukwe mmoja yamejiita jina moja kwa maneno mawili, na hakuna aliyemwiga mwenzake.

Neno la pili lilikuwa "munu", yaani mtu. Wingi wake "wanu". Mimi niliyelelewa Mtwara niliposikia hilo sikio lilisimama, maana jirani zetu Wamakonde husema "munu" na "vanu". Basi katika neno moja tu kiambishi cha wingi kilielekea kwetu Waswahili, na shina likaelekea Umakondeni. Hili ndilo jambo lililowasumbua wataalamu. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika kitabu chao cha mwaka 1993 juu ya historia ya Kiswahili na lugha za Kisabaki, hawakukubali kuipa Kimwani nafasi ya moja kwa moja katika ukoo huo. Mwaka uliofuata Thilo Schadeberg aliiandikia makala, nayo ikachapishwa katika kitabu kihusucho lugha zilizochanganyika. Swali lenyewe ni zito: je, hawa ni Waswahili ambao lugha yao imeingiwa na lugha za Ruvuma, au ni watu wa Ruvuma ambao kwa karne nyingi wameishi, wamefanya biashara na wamesali pamoja na Waswahili?

Mwenzangu wa Jiografia hakuona uzito huo. Tulipokuwa tukila wali wa nazi na samaki wa kuchoma, alimwambia nahodha kwa mzaha, "Baba, hiki Kimwani chenu naona ni Kiswahili kilichopigwa na mawimbi."

Nahodha alimaliza tonge lake kwanza. Kisha akanyosha mkono kuelekea mashua yake iliyolala ubavu juu ya mchanga. "Mwalimu," akasema, "tanga lile nilinunua Nacala. Mbao ni za hapa. Misumari nilikuja nayo kutoka kwenu Mtwara. Lakini mashua ile ikipita, husikii mtu akisema misumari ya Mtwara inapita."

Nimesoma fasili nyingi za lahaja na lugha, na nyingine nimezifundisha miaka nenda miaka rudi, lakini jibu lile naliweka juu yake zote. Sisemi kwamba limetatua mjadala wa wataalamu. Nasema tu kwamba mwenye lugha ana haki ya kuulizwa kabla lugha yake haijawekwa katika fungu la mwingine, hasa fungu la "kibovu", neno ambalo nasikitika kusema bado nalisikia vinywani mwa walimu. Msumbiji wenyewe walikwisha kuipa Kimwani heshima yake: ni miongoni mwa lugha 16 zilizoingizwa shuleni kwa mtaala wa mwaka 2003, ili watoto waanze kusoma kwa lugha ya nyumbani kabla ya kuhamia Kireno.

Alasiri maji yalijaa, mashua ikainuka, tukarudi Pangane. Daftari lilikuwa na maneno 61. Tuliagana na nahodha kwa ahadi ya kurudi, na namba yake ya simu niliiandika nyuma ya daftari.

Hatukurudi. Tarehe 5 Oktoba 2017 watu wenye silaha walivamia Mocímboa da Praia, na vita vikaanza katika nchi ambayo vita si vigeni kwake. Kumbuka kwamba Chai, mahali ilipoanzia vita vya ukombozi vya FRELIMO tarehe 25 Septemba 1964, pako katika wilaya ya Macomia. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kiliipiga pwani ile. Siku chache baadaye nahodha alinipigia: paa la nyumba limekwenda, mashua imesalimika, na watu wake wazima. Mwaka 2020 Mocímboa da Praia ikatekwa, na haikukombolewa mpaka Agosti 2021. Kufikia mwaka huo watu waliohama makwao katika jimbo zima walikuwa takriban 800,000. Wengi wa watu wa pwani na visiwani walikimbilia Pemba kwa majahazi. Tangu mwaka huo wa 2020 namba ya nahodha haipatikani.

Lugha ikitolewa kijijini mwake na kupelekwa kambini haifi siku hiyo hiyo. Lakini yako maneno yanayohitaji mahali pake: majina ya miamba, ya mikondo ya maji, ya pepo za saa fulani tu. Mtoto aliyezaliwa Pemba mjini atayasikia kutoka kwa nani, na kwa sababu gani? Katika maneno yangu 61, kumi na manne ni ya namna hiyo.

Siku hizi ninapochora pwani ubaoni natumia chaki mpya, na mstari naufikisha chini ya Ruvuma. Mwaka jana msichana mmoja wa Kidato cha Tatu aliponiona naandika "munu – wanu", alinyosha kidole akasema kwamba bibi yake mzaa mama husema hivyo hivyo, nao nyumbani humcheka. Nikamwuliza bibi ametoka wapi. Akasema Ibo. Nikampa daftari tupu na kalamu.