Binti yangu aliniomba baraka ya kuingia baharini

Wamama, ninawaandikia kutoka Narbonne, kusini mwa Ufaransa. Wengi wenu mnanijua tangu nilipokuwa nauza sambaza sokoni Bukavu, na mnajua kwa nini mimi sipandi mashua. Dada yangu mkubwa alizama katika Ziwa Kivu akienda Goma. Mashua ilijaa watu na mifuko ya unga, upepo ulikuwa umeanza, na jile za kuelea hazikuwepo. Tangu siku ile niliwaambia watoto wangu: maji ni ya kunywa, ya kupikia na ya kufulia. Basi.

Sasa binti yangu wa miaka 22 amejiandikisha katika mbio za Défi Wind, hapa karibu, Gruissan. Ni mbio za ubao wenye tanga. Mtu anasimama juu ya ubao, anashika tanga, na upepo unamsukuma. Mbio hizi alizianzisha Philippe Bru mwaka 2001. Zinafanyika mwezi wa tano, watu zaidi ya 1,000 wanaingia majini pamoja, na mwendo ni karibu kilomita 40.

Binti ni mtu mzima, hakuhitaji sahihi yangu. Lakini alinikuta jikoni nikitwanga sombe, akapiga magoti, akasema: «Mama, siwezi kwenda bila baraka yako.» Nilikataa. Siku tatu hatukusemezana vizuri. Ndipo bwana yangu akaniambia: «Mama watoto, kabla ya kukataa, nenda kwanza uone anachofanya.»

Nikaenda, nikakaa kwenye mchanga, nimejifunga kikwembe mpaka masikioni kwa sababu ya baridi. Upepo wa huko unaitwa tramontane. Unatoka nchi kavu kwenda baharini. Maana yake, mlingoti ukivunjika, upepo haukurudishi nyumbani, unakupeleka mbali. Nilipomwambia binti kwamba hicho ndicho ninachoogopa, hakunicheka. Alisema: «Umeogopa kitu cha kweli, mama. Ndiyo maana ninajitayarisha.»

Akanionyesha. Alianza na kilomita tano, akaenda kumi, sasa anafika ishirini na zaidi. Kiunoni anavaa mkanda wenye ndoano, ili uzito wa mwili ushike tanga na mikono ipate kupumzika. Kila jioni anapitisha vidole kwenye kamba zake. Iliyoanza kulika anaibadilisha. Anavaa nguo nzito ya mpira, maana hata mwezi wa tano maji yana baridi. Ana jile, na mgongoni anabeba maji ya kunywa. Akanifundisha pia sheria kubwa: ukipata shida, usiuache ubao hata kama unajua kuogelea. Ubao unaelea, na mtu aliye juu yake anaonekana kwa mbali kuliko kichwa kilicho majini. Kaa juu yake, nyoosha mikono miwili pembeni, uipandishe na kuishusha polepole, mpaka waokoaji wakuone.

Lakini hayo yote hayakunigeuza moyo. Kilichonigeuza ni siku moja ya juma lililofuata. Upepo ulikuwa mkali mno. Wenzake walikuwa wakifunga matanga, wanamwita. Yeye alisimama ufukweni, akaangalia maji muda mrefu, kisha akakunja tanga lake, akasema: «Leo hapana. Twende nyumbani, mama.»

Nililia ndani ya gari. Dada yangu hakupewa nafasi hiyo. Siku ile hakuna mtu katika mashua aliyesema «leo hapana».

Jioni hiyo nilimwekea binti mkono juu ya kichwa, nikaomba, nikampa baraka. Nilimpa na neno moja: awe anajua kurudi kama anavyojua kwenda. Naye akanipa la kwake: nijifunze kuogelea. Basi, mimi, bibi wa miaka 51, ninaingia bwawani kila siku ya tatu na wamama wengine, maji yakinifika kifuani. Nimeshajua kulala juu ya maji bila kuzama. Ni jambo dogo, lakini miaka mingi nilidhani haliwezekani kwangu.

Wamama, ninyi mnapanda mashua kwa sababu ya biashara na shule za watoto. Siwezi kuwaambia muache. Ila nawaomba: mkikaa kwenye likelemba, zungumzeni juu ya jile. Mwezi mmoja, badala ya sufuria, anayepokea anunue jile yake. Na mkiona mashua imejaa na upepo umebadilika, mmoja wenu awe wa kwanza kusema «leo hapana». Wengine watapata nguvu ya kushuka naye.

Siku ya mbio nitakuwa ufukweni na kikwembe changu chekundu, ili binti anione kutoka mbali. Mtuombee.