Zamu ya Ngazi

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nilipokuwa mdogo niliuelewa usemi huu kama kijembe kwa mgeni asiyejua kuondoka: umeshakula wali na kuku, sasa inuka ukalime. Ilinibidi niishi katika nyumba ya watu wengine, mbali na kwetu, ndipo nikausikia kwa sikio jingine.

Nyumba hiyo iko Tübingen, mji mdogo wa kusini-magharibi mwa Ujerumani, kando ya mto Neckar. Chuo kikuu cha hapo kilianzishwa mwaka 1477, na wanafunzi ni wengi kiasi kwamba vyumba vya kupanga hugombaniwa kama viti vya daladala saa kumi na mbili jioni. Nilifika mwanzoni mwa Oktoba 2023 kuanza shahada ya uzamili, nikiwa na mabegi mawili na anwani ya familia iliyokubali kunipa chumba. Mzee ni fundi mstaafu, mkewe alikuwa muuguzi, na watoto wao wawili walishahama kwenda kwao. Wanaishi ghorofa ya pili katika jengo la kaya nne.

Jioni ya kwanza mama mwenye nyumba alinipitisha kwenye sheria zote za nyumba, taratibu, kama mtu anayemkabidhi mwenzake ofisi. Viatu vya nje huishia mlangoni, ndani ni ndara. Maganda ya viazi yana ndoo yake, karatasi zina ndoo yake, plastiki huingia mfuko wa njano. Chupa za glasi hupelekwa kwenye mapipa ya mtaani na hutengwa kwa rangi, lakini Jumapili hapana, kwa sababu siku hiyo kelele ya chupa inayovunjika humkera jirani. Asubuhi madirisha yote hufunguliwa wazi kwa dakika kadhaa, hata theluji ikiwa inaanguka, ili hewa nzito itoke na ukuta usiote kuvu. Mimi ni mtu wa Songea, nilidhani baridi naijua. Nilikuwa nasimama katikati ya chumba nimejifunga blanketi, nikisubiri hewa nzito imalize kutoka.

Chakula cha moto huliwa mchana. Jioni ni mkate, jibini, nyama baridi zilizokatwa nyembamba na matango ya siki. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nalala nimeshiba na bado nikihisi sijala.

Hayo yote yalizoeleka. Kilichonikwama kooni ni jinsi ya kumwita yule mama. Kijerumani kina "wewe" mbili: ya heshima, Sie, na ya ukaribu, du. Mkubwa ndiye humkaribisha mdogo atumie du, na akishaifungua njia hiyo mnaitana kwa majina mliyopewa na wazazi wenu. Wao walinikaribisha jioni ileile ya kwanza, na kwa desturi yao hiyo ilikuwa zawadi. Lakini mimi nimelelewa mahali ambapo mtu mzima ni Mama Fulani, shangazi au bibi, na mtoto anayemwita mtu wa rika la bibi yake kwa jina tupu huulizwa kama kwao hakuna watu. Basi sikumwita. Nikitaka kumwambia jambo nilimfuata mpaka nimwone usoni ndipo nikaanza kusema. Akiwa chumba cha mbali, jambo lenyewe lilisubiri.

Katika wiki yangu ya tatu, mlangoni kwetu kulitokea kibao cha mbao kinachoning'inia kwenye msumari. Kimeandikwa Kehrwoche, yaani wiki ya kufagia. Ni desturi ya watu wa sehemu hii ya Ujerumani, Waswabia, na Wajerumani wa kwingine huwatania kwa ajili yake. Kibao huzunguka mlango kwa mlango. Kikiwa kwenu, wiki hiyo ninyi ndio mnaofagia na kupiga deki ngazi, mnasafisha njia ya mbele ya jengo, na wakati wa baridi mnaondoa theluji ili mpita njia asiteleze. Jumamosi ikipita, kibao hukiona mlangoni kwa jirani. Hakuna anayekuja kukukumbusha. Mama mwenye nyumba alinikabidhi ufagio, ndoo na kitambaa, akanionyesha kwamba huanzia juu kushuka, na ukingo wa ngazi haupitwi. Kisha akatoa kalenda ya jikoni, akaandika jina langu kwenye mojawapo ya wiki zetu zijazo, na jingine tena wiki nne baadaye.

Jumapili hiyo nilimpigia simu Bibi yangu. Alikuwa akiishi Peramiho, ambako wamisionari Wabenediktini kutoka Ujerumani wamekuwapo tangu mwaka 1898, na alijiona ana haki ya kunihoji kuhusu nchi hii kuliko watu wengine wote wa ukoo.

"Huyo mama unamwitaje?"

"Simwiti, Bibi."

"Amekupa kazi?"

Nikamweleza kibao, ndoo, na kuanzia juu kushuka.

"Basi huyo ni mama. Mgeni hapewi ufagio."

Kesho yake nilimwita Mama, kwa Kiswahili, kutoka chumbani kwangu, kwa sauti. Alikuja na mikono yenye unga. Neno hilo Kijerumani nacho kinalo, na kwao ni la aliyekuzaa peke yake. Nilipomweleza maana yake kwetu alifikiri kidogo, akasema anao wawili wanaomwita hivyo na hakuna hata mmoja aliyewahi kufagia ngazi bila kusukumwa. Tangu hapo nikaendelea.

Tarehe 1 Novemba huko ni sikukuu ya Watakatifu Wote na maduka hufungwa. Jioni tulikuwa mezani sote watatu, redio ikisoma habari, nikasikia jina la Songea. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuwa ametembelea makumbusho ya Maji Maji na kuomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani. Mzee aliweka kisu chini.

"Songea si kwenu?"

Nikasema ndiyo. Akaniomba niwaeleze, nikawaeleza kwa Kijerumani changu cha kuokoteza, nikichanganya na Kiingereza. Vita vya mwaka 1905 hadi 1907. Nduna Songea Mbano alivyonyongwa mwaka 1906 pamoja na wapiganaji wenzake. Mashamba na maghala yalivyochomwa, hata njaa ikaua wengi kuliko risasi, na jinsi baadhi ya wanahistoria wanavyokadiria waliokufa kufikia watu 300,000. Mzee alisikiliza bila kunikatiza. Mwishowe akasema shuleni hawakufundishwa. Nikamwambia kwamba hata neno shule sisi tulilipata kwao. Hakucheka, wala mimi sikuwa nimelisema ili acheke.

Asubuhi nilikuta atlasi yake ya zamani mezani, imefunguliwa ukurasa wa Afrika Mashariki, na Songea imezungushiwa alama ya penseli. Haikuzungumzwa. Nilikunywa chai yangu kando yake, nikaifunga, nikairudisha kwenye rafu. Sisemi kwamba alama ya penseli inalipa chochote. Nasema kwamba niliishi na watu hao, na hilo ndilo lililotokea asubuhi ya pili.

Februari 2024, wiki ya mitihani, Jumatano, simu iliita kukiwa bado giza. Songea ilikuwa saa mbili asubuhi, kwangu saa kumi na mbili. Ukimwona mama yako anapiga saa hiyo unajua kabla hujapokea. Bibi alikuwa amefariki usiku.

Wangemzika kesho yake. Nauli sikuwa nayo, na hata ningekuwa nayo ningekuta wameshafukia. Nilijua hasa kinachoendelea kule. Kabla turubai halijafungwa, wanawake wameshaingia na kanga zao viunoni, mmoja ana kuni, mwingine ndoo ya maji, mwingine unga. Mtu ameshamwondoa mama yangu jikoni na kumkalisha mkekani, kwa sababu mfiwa hagusi sufuria. Wanaume wako na moto nje. Chini ya mwembe amekaa mtu na daftari, anaandika rambirambi, jina kwa jina.

Mimi nilikwenda jikoni na kumwambia mama mwenye nyumba. Akafuta mikono, akanipa mkono, akasema maneno ya rambirambi wanayosema wao. Mzee akaja, naye akanipa mkono. Watu niliokula nao miezi minne, tunapeana mikono kama wajumbe wa mkutano. Kisha wakaingia chumbani kwao na kupunguza sauti ya redio. Nyumba ikawa kimya siku nzima. Kwao kimya ni heshima, uaminifu kwamba mwenye huzuni aachiwe nafasi. Mimi nilitaka nafasi hiyo ijazwe na watu. Nilitaka mtu alie kabla yangu ili nami nipate pa kuanzia. Kimya kile kiliniuma, na mpaka leo sijakigeuza kuwa kitu kingine.

Jioni mama mwenye nyumba aligonga mlango. Aliniuliza kama nina picha ya Bibi. Niliyokuwa nayo ilikuwa kwenye simu. Akaniomba niisimamishe dirishani, akawasha mshumaa mbele yake. Akaniuliza jina lake, akalirudia mara mbili ili alitamke sawasawa. Kisha akaleta bakuli la viazi, akaketi kwenye kiti changu cha kusomea na kuanza kumenya. Hakusema kitu. Nikachukua kisu cha pili.

Wiki ile kibao kilikuwa kwetu, na kwenye kalenda ya jikoni jina lililoandikwa ni langu. Jumamosi asubuhi niliamka mapema, nikajaza ndoo, nikafungua mlango. Msumari ulikuwa mtupu. Ngazi zilikuwa bado na unyevu, kuanzia juu hadi chini, ukingoni pia. Nikashuka. Nje, mzee wa ghorofa ya chini alikuwa anakwangua barafu njiani. Huyu ni mtu ambaye tangu nifike hakuwahi kunipa neno zaidi ya salamu, na hata hiyo aliipima. Kibao kilikuwa kinaning'inia mlangoni kwake, ilhali zamu yake ilikuwa imepita wiki moja tu nyuma. Aliniona na ndoo, akatikisa kichwa, akanyoosha koleo lake kuelekea juu, ghorofani. Yaani rudi ndani. Akainama akaendelea na barafu yake.

Nilipouliza, mama mwenye nyumba alisema kwamba Jumatano ileile alishuka na kuwaarifu majirani wote. Mzee wa chini akaja mwenyewe kukichukua kibao. Nikamwuliza kama ndiyo mila ya huku, kwamba mfiwa hafagii. Alifikiri. Akasema hajui kama ni mila. Yeye alipofiwa na mama yake walimfanyia hivyo, na kabla ya hapo hakuwa ameombwa na mtu kuwafanyia wengine, alifanya tu.

Hivyo nilikaa msibani. Hapakuwa na mkeka wala turubai, na sikumwona mtu analia. Lakini kazi iliyokuwa yangu ilichukuliwa mkononi mwangu na mtu asiye ndugu, bila kuulizwa, kwenye baridi. Nimelelewa kuitambua huzuni ya jirani kwa ishara hiyo kabla ya nyingine yoyote. Na iliwezekana kunichukulia zamu kwa sababu zamu nilikuwa nayo. Mwanafunzi anayelipa kodi yake na kujifungia chumbani hana cha kupokelewa. Bibi aliliona hilo kutoka Peramiho, kupitia simu, kabla yangu.

Jumapili nilizungumza na mama yangu. Alikuwa amekaa na daftari la rambirambi, akanisomea: nani alileta unga debe moja, nani sukari, nani shilingi ngapi, kina mama wa jumuiya walioleta maharage. Alipofika mwisho nikamwambia bado hajamaliza, aongeze mmoja.

"Nani?"

"Mzee wa ghorofa ya chini, Tübingen. Ngazi na barafu, wiki moja."

"Ngazi gani tena?"

Nikamweleza. Akanyamaza, nikasikia kurasa.

"Jina lake?"

Nikatoka na simu, nikashuka hadi mlango wa nje, nikamsomea jina kutoka kwenye kengele, herufi kwa herufi. Aliliandika na kunisomea tena ili ahakikishe hajakosea.

Aliyewahi kushika daftari la msiba anajua kwamba haliandikwi kwa ajili ya shukrani tu. Linaandikwa ili siku ya mwenzako ikifika usiulize unadaiwa nini. Mwezi Mei mzee wa chini alilazwa kwa upasuaji wa goti, na wiki ilikuwa yake. Nilishuka asubuhi, nikakitoa kibao kwenye msumari wake, nikaja nacho juu. Nilipompigia mama yangu kumwarifu, aliniambia nisubiri kwenye simu, akaenda kutafuta kalamu.