Kiwambo cha Ngoma ya Kale

Msomaji, ukirithi ngoma ya zamani ambayo kiwambo chake kimepasuka, usifanye haraka kwenda dukani. Mimi nilifanya haraka, nami nakuhadithia hasara yangu.

Ilikuwa ngoma ndogo ya mti, kazi ya Uingereza, aliyoipiga babu yangu katika beni huko Mombasa. Ubavu wake ulipakwa rangi nyekundu, na karibu na ukingo babu aliandika kwa rangi nyeupe herufi za jina lake.

Ngoma za namna hiyo ziliwambwa kwa ngozi, hasa ya ndama. Ngozi ililoweshwa, ikakunjwa juu ya pete ya mti, ikaachwa ikauke juu ya ngoma yenyewe. Basi kila kiwambo kilienea ngoma yake kama kanzu iliyoshonwa kwa kipimo cha mvaaji. Ila ya ngozi ni hewa. Masika hulegea ikanyamaza. Jua likiwaka hukaza, na pengine hupasuka. Babu hakuanza kucheza kabla ya kuipasha ngoma yake moto wa makaa.

Katika miaka ya 1956 na 1957, huko Marekani, Chick Evans na Remo Belli walitoa viwambo vya poliesta, utando mwembamba wa plastiki. Havijali mvua wala jua, na mpigaji wa gwaride ana haki ya kuvipenda. Siwezi kuvidharau. Walakini kiwambo hicho hutoka kiwandani kimekwisha kufungwa katika pete ya madini, na pete hiyo haikunjuki. Ngoma nyingi za kale za Uingereza zimezidi kidogo kipimo cha leo. Yangu ilizidi kwa unene wa ukucha tu, lakini kiwambo kilikataa kuingia.

Seremala alisema kuwa mti hukwanguliwa. Nikamwambia akwangue. (Laiti ningaliuliza kwanza: wako watengenezaji wa viwambo vya plastiki vya kipimo cha kale!) Herufi za babu zikaanguka sakafuni, unga mweupe na mwekundu.

Kiwambo kiliingia, na sauti ikawa kali, yenye mwangwi mrefu. Ile ya ngozi ilikuwa nene na fupi. Mama yangu, akiwa jikoni, aliuliza ile ni ngoma ya nani.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza ipi bora, ngozi au plastiki, ipime ngoma yako. Kiwambo usichokipenda utakivua mwakani. Mti uliokwanguliwa utaurudishaje?

Sasa nimeiwamba kwa ngozi ya mbuzi. Hulegea kila masika, nami huketi nayo karibu na jiko la makaa, nikiigeuza polepole. Ukingoni, palipokuwa na jina, pana mti mtupu.