Kishindo cha Tela

Ndugu msomaji, ziko sauti mtu huzizoea mpaka akasahau kwamba zinamuonya. Mimi yangu ilikuwa "ngo!" moja nzito, nyuma ya kichwa cha semi, kila breki iliposhikwa.

Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2019. Matokeo sitayasimulia. Nilishinda kijiweni na daftari langu la hadithi, mpaka mjomba, dereva wa semi, akanifuata. "Kalamu haijakulisha bado, mjomba. Njoo uwe utingo wangu." Nikaenda. Tukawa tunabeba alizeti kutoka Singida kuja Dodoma.

Kishindo kilianza kiangazi cha mwaka 2022. Mwanzoni mjomba alicheka: "Tela limezeeka, linaongea." Lakini tulipoteremka ukingo wa Saranda kuelekea Bahi, lilikuwa linatusukuma mgongoni kama mtu mwenye haraka. Nilimwona mjomba ameshika usukani kwa mikono miwili, kimya.

Tukapeleka gari kwa fundi mmoja Kizota, mzee wa Kigogo. Hakuanza na spana. Alimwambia mjomba afunge breki za tela peke yake, kisha asogeze kichwa mbele na nyuma taratibu. Ngo! Ngo! Mzee akatikisa kichwa. "Inacheza sana hii."

Tulipotenganisha tela nikapewa petroli na matambara nisafishe. Juu ya kichwa kuna sahani kubwa ya chuma. Wazungu huiita gurudumu la tano, jina lililobaki tangu enzi za magari ya farasi, ambako duara la chuma lililolazwa juu ya ekseli ya mbele liliwezesha magurudumu kukata kona. Chini ya tela kuna kingipini, na ndani ya sahani kuna taya zinazoishika. Tani zote zile zinavutwa na kipande cha chuma kinachoenea kiganjani! Grisi niliyoikwangua ilikuwa nyeusi, na ukiisugua vidoleni inakwaruza. Ni vumbi letu la Dodoma. "Grisi yenye mchanga ni msasa," mzee alisema. "Mnapaka mpya juu ya chafu, mnadhani mnatunza."

Akaniachia venia nipime mwenyewe. Kingipini ya inchi mbili ikiwa mpya ni milimita 50.8. Ikifika 49, hiyo ni ya kutupa. Nilipima upande huu, nikapima na upande wa pili, maana hailiki sawasawa. Nikapata 48. Nikarudia. 48.

Mjomba akauliza kama taya haziwezi kukazwa. Mzee akasema ipo boliti ya kukazia, lakini kukaza taya juu ya pini iliyolika ni kuficha ugonjwa.

Tajiri alipopigiwa simu akajibu, "Jazeni kwa kuchomelea, mzigo unasubiri." Mzee akakataa katakata. Chuma kile kimepikwa kwa moto wa kipimo, ukikichomelea kinapata nyufa usizoziona. Tajiri akasema basi, wachomeleaji wamejaa mjini.

Usiku ule tulilala garini. Nikasema, "Mjomba, kule Saranda..." Akanikata, "Gari ni lako? Mimi nina watoto watatu shuleni." Nikanyamaza. Lakini kwenye daftari, chini ya hadithi niliyokuwa naiandika, niliandika kwa tarakimu kubwa: 48. Nikaliacha wazi juu ya kiti, na sisemi kwamba nilisahau kulifunga.

Asubuhi nilimkuta analitazama. Hakuniambia kitu. Alimpigia tajiri, akasema sentensi moja: "Bosi, mimi sipandi mpaka pini ibadilishwe." Mchana akaja dereva mwingine kuchukua funguo.

Tulikaa miezi miwili bila kazi. Mke wa mjomba hakunisalimia wiki nzima, maana alijua daftari ni la nani. Na hapa ndugu msomaji pengine unangoja nikuambie kwamba tela lile lilichomoka likaua watu. Hapana. Sijasikia lolote. Labda walibadilisha pini, labda bado inagonga. Hakuna aliyekuja kutuambia kwamba tulikuwa sahihi.

Sasa mjomba anaendesha gari la mtu mwingine, na mimi ni msaidizi wa yule mzee Kizota. Kila tela likija nasafisha grisi yote ya zamani kwanza, ndipo napaka mpya. Jioni naandika. Riwaya yangu imefika sura ya nne. Siku moja mjomba alipita gereji, akaniuliza, "Kwenye kitabu chako nimo?" Nikamwambia umo. Akauliza, "Nilipanda au sikupanda?"

"Hukupanda, mjomba."

Akaondoka anacheka.