Saa za Mazoezi

Kwa watoto wa Ng'ambo wenye hamu ya muziki, kidumbaki, taarabu ndogo ya harusini, ndicho kilichokuwa skuli. Nazungumzia Unguja ya miaka ya 1990, mitaa ya Miembeni na Kikwajuni. Ala zilikuwa chache: fidla moja, sanduku la chai lililotiwa fimbo na uzi likawa besi, ngoma mbili ndogo ambazo ndizo vidumbaki vyenyewe, cherewa na mkwasa. Mjomba wangu alikuwa mpiga sanduku. Kabla ya harusi kuanza, vijana wake walikoka moto wa makaratasi nje, wakazigeuzageuza ngoma juu yake ili ngozi ikaze. Mmoja alizigonga kwa ncha za vidole, akatega sikio, akatikisa kichwa, akazirudisha motoni.

Mtoto wa kiume aliyezowea kusimama karibu na moto ule, siku moja alipewa cherewa. Akishika mapigo bila kuyumba, alihamia kwenye ngoma, baadaye sanduku, na mwenye bahati akafika kwenye fidla. Hakuna aliyekaa kumweleza kitu. Alisikia, akajaribu, akakaripiwa, akajaribu tena. Ndivyo walivyopatikana wengi wa waliokuja kuketi kwenye okestra kubwa za taarabu. Makame Faki, yule waliyemwita Sauti ya Zege, alitamba katika kidumbaki na katika Culture Musical Club vilevile, na mtaani hakuna aliyeona ajabu.

Sisi wasichana tuliachiwa kiitikio. Wanawake walikuwamo kwenye muziki wetu tangu zamani, na mbele kabisa: Siti binti Saad alirekodi santuri Bombay mwaka 1928, na Bi Kidude alipiga ngoma hadi uzeeni. Lakini katika vilabu nilivyovijua mimi utotoni, mwanamke aliimba mbele na wanaume walipiga nyuma yake. Wengi husema sababu ni mila, wakaishia hapo. Nyumbani kwetu sababu ilikuwa saa. Mazoezi ya klabu yalianza baada ya Isha, watu wakishatoka makazini na kula, na kidumbaki cha harusi kiliweza kukesha. Mama hakuwa na ugomvi na fidla. Ugomvi wake ulikuwa na njia ya kurudi usiku.

Mwaka 2002 kikaanza kufundisha Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, ambacho kila mtu anakijua kwa herufi zake, DCMA, katika jengo la zamani la forodha kule Mizingani. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mjomba ndiye aliyeleta habari, na mama aliuliza jambo moja tu.

"Linamalizika saa ngapi hilo darasa?"

"Kabla ya Magharibi, dada."

"Basi naende. Lakini chuo cha Kurani kwa Maalim asikose."

Kwangu mimi mlango ulifunguka hapo. Mchana, kukiwa na mwalimu, daftari na orodha ya mahudhurio, kupiga fidla kuligeuka kuwa kusoma, na mtoto anayekwenda kusoma hakuna jirani wa kumsema. Tulikuwa wasichana kadhaa, na fidla hazikututosha. Ukikaa kitako kusubiri zamu yako, unashika kalamu badala ya uta na kuchezesha vidole juu ya mkono wako mwenyewe. Nyuzi zilipokatika, na hewa ya bahari inazila kweli, tulingoja mgeni atuletee nyingine kutoka ng'ambo ya bahari.

Nota zilitupa uwezo ambao mjomba hakuwa nao. Tuliweza kuweka mbele yetu muziki tusioujua na kuupiga pamoja, fidla, udi, kanuni na nai, kundi zima la watoto. Lakini nota zilikuwa na mpaka, na aliyenionyesha ni mzee mmoja wa klabu aliyekuja kutufundisha bashrafu, ule muziki wa ala tupu usioimbwa. Tulikuwa kwenye rasti, mojawapo ya maqamu za Kiarabu. Sauti ya tatu ya rasti asili huangukia kati ya funguo mbili za kinanda, na akodiani ya kawaida haina sauti hiyo. Fidla inayo, kwa sababu shingo yake haina alama za kukuonyesha pa kuweka kidole. Mimi nilipiga kama nilivyofundishwa, safi kabisa. Mzee akaifunika karatasi kwa kiganja chake, akakishika kidole changu na kukirudisha nyuma unywele mmoja.

"Hapo, mwanangu. Sikiliza kwanza."

Muziki wote ulibadilika rangi. Sijapata tena somo lililoniingia kama lile.

Wakati sisi tunajifunza hayo, harusini mambo yalikuwa yameshageuka. Tangu makundi kama East African Melody yalipoibuka miaka ya 1990, taarabu ya kisasa ilitegemea kinanda cha umeme, na kinanda kimoja kilifanya kazi ya safu nzima ya fidla. Simlaumu mwenye harusi; okestra ni gharama. Ila ukweli ni kwamba nafasi ya kijana kuketi nyuma ya wakubwa na kusikia ilizidi kupungua.

Upande wa wanawake, nilichokiota nimekiona. Bi Mariam Hamdani aliunda Tausi, taarabu ya wanawake ambamo wapigaji ni wao wenyewe. Wahitimu wa DCMA wakaanzisha Siti and the Band, akiongoza Siti Amina na udi wake. Leo msichana akipita Darajani na mkoba wa fidla mgongoni, watu hawageuki kumtazama.

Wanafunzi ninaowafundisha sasa wanasoma nota haraka kuliko nilivyoweza mimi. Wanachokosa ni yule mzee wa kuifunika karatasi. Wazee hao bado tunao wachache, na wengi wao hawaitwi popote. Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu tuwaalike madarasani mchana, saa ambazo mabinti wanaruhusiwa kuwapo. Na wewe msomaji, kama marehemu babu yako aliacha fidla au udi ukakaa juu ya kabati, usiuuze kwa watalii. Upeleke panapofundishwa watoto. Kuna mtoto pale anasubiri zamu yake.