Nilifuata pweza Bagamoyo, nikakesha na mchiriku

WAKATI mwingine unaondoka nyumbani na nia yako, safari nayo inakuwa na ya kwake. Jumamosi ile nilipanda basi pale Makumbusho nikiwa na hamu moja tu, kufika Bagamoyo, nile pweza na supu yake, nilale mapema, Jumapili nirudi zangu Dar. Kumbe wapi!

Njia yenyewe ni kilometa kama 70 hivi, na siku hizi ni lami tupu, si ile ambayo wazee wetu wanasema ulikuwa ukishuka unafanana na kinyago cha udongo. Ukishaiacha Tegeta na foleni yake, unapita Bunju, Mapinga, Kerege, minazi inaanza kuonekana na hewa inabadilika kabisa. Kinachoudhi ni kitu kimoja, nyumba za watu wakubwa zimejipanga upande wa bahari na kuta ndefu, bahari yenyewe unaichungulia kwenye nafasi kama mwizi. Mshikeni msomaji ukuta huo, tutaurudia.

Habari za Bagamoyo ya zamani mnazijua tangu shule ya msingi. Misheni ya Wakatoliki ya 1868, maiti ya Livingstone iliyopitishwa hapo mwaka 1874 ikibebwa na watu waliotembea kutoka bara, Boma la Wajerumani la 1897. Vyote vipo, nendeni mkavione. Mimi nilikwenda moja kwa moja sokoni kwa wavuvi.

Pweza nilimpata, mtamu ajabu. Jioni nimekaa barazani kwenye nyumba ya wageni nachokonoa meno, akaja kijana mmoja wa Kiingereza, amekuja kujifunza ngoma kwa walimu wa Chuo cha Sanaa. Alivaa fulana ya miraba myeusi na myeupe kama ubao wa drafti. Nikamtania, "Vipi kaka, tucheze?" Hakuelewa. Lakini Kiswahili cha kuokoteza alikuwa nacho, nami Kiingereza changu cha kidato cha nne mnakijua, basi tukaelewana kwa mikono na macho. Akaniambia ile si drafti, ile ni alama ya mziki unaoitwa ska.

Mziki huo ndio mama wa rege. Ulianza Jamaika mwishoni mwa miaka ya 1950, kabla Bob Marley hajawa Bob Marley tunayemjua. Gitaa halipigi pale mguu unapokanyaga, linapiga pale mguu unapoinuka, cha! cha! cha! Wajamaika walipohamia Uingereza wakahama nao. Mwaka 1977, katika mji wa Coventry wenye viwanda vya magari, vijana weusi na weupe wakaunda bendi moja, The Specials, na mwaka 1979 kiongozi wao, Jerry Dammers, akaanzisha lebo yake mwenyewe, 2 Tone, yaani rangi mbili. Siku hizo kulikuwa na wahuni wa kibaguzi wanaopiga watu weusi mitaani, kwa hiyo weusi na weupe kusimama jukwaa moja ilikuwa ni siasa tosha. Ni hao hao, wakijiita The Special A.K.A., waliotoa mwaka 1984 wimbo wa kudai Mandela aachiwe huru.

Hapo nikakaa vizuri kwenye kiti. Mandela huyo huyo ambaye wenzake wa ANC tuliwapa ardhi kule Mazimbu, Morogoro, wakaanzisha shule yao mwaka 1978! Kumbe tulikuwa upande mmoja na hawa wa drafti siku zote.

Akaendelea. Wamarekani wakauchanganya mziki huo na panki, ule wa magitaa ya kukwaruza na kupiga kelele kwa hasira, ikapatikana ska panki. Bendi yake anayoihusudu, Operation Ivy ya kule Berkeley, California, ilidumu miaka miwili tu, 1987 mpaka 1989, ikipiga kwenye ukumbi mmoja wa Gilman Street unaoendeshwa na watu wa kujitolea. Sheria ya watu wa aina hiyo ni fupi, jifanyie mwenyewe. Rekodi mwenyewe, bandika matangazo mwenyewe, weka kiingilio ambacho mlalahoi anakimudu, tajiri usimsubiri.

Mhudumu wa pale, kijana mwembamba wa Kizaramo, alikuwa anafagia huku masikio yako kwetu. Akaegemea ufagio. "Kaka, huo si mchiriku huo?"

Mzungu akauliza mchiriku ni nini. Mimi nikacheka, maana mtoto wa Dar kuulizwa mchiriku ni nini ni kama kuulizwa muhogo ni nini. Mhudumu akasema kama ni nyimbo za kuwasema wakubwa, Bagamoyo hii hii ina Vitali Maembe, aliyesoma pale Chuo cha Sanaa, na gitaa lake na kampeni yake ya Chanjo ya Rushwa aliyoizungusha vijijini. "Lakini Maembe ni msomi. Leo nitawapeleka kwa wasiosoma."

Saa mbili usiku tukapanda bajaji kuelekea upande wa Kaole, huko kwenye magofu ya misikiti ya kale. Kijiji sikitaji, na sababu mtaiona. Palikuwa na shughuli ya kumtoa mwali. Taa mbili, vumbi mpaka magotini, kina mama na khanga za sare, vijana wamefunga duara.

Kwa asiyejua, mchiriku ni mziki wa Wazaramo wa uswahilini. Unataka kinanda kidogo cha Casio, kile ambacho kwa mwenye nacho ni mchezo wa mtoto, amplifaya iliyochoka, na spika za tarumbeta kama zile za msikitini. Ngoma zinatosha nne, mwingine anapiga kigoda kwa vijiti, mwingine anashika maiki na kusema ya moyoni. Sauti inakwaruza, inalia, inachoma. Vyombo vibovu, lakini ubovu wenyewe ndio utamu! Redioni ilikuwa nadra kuusikia, watu waliupata kwenye kaseti na kwenye shughuli kama hii. Jagwa Music wa Mwananyamala, walioanza mwaka 1992, walifika mbali zaidi ya wote. Mwaka 2012 kampuni ya Ubelgiji, Crammed Discs, ilitoa albamu yao, Bongo Hotheads, wakazunguka Ulaya, na huko hawakukosekana waliowafananisha na wapanki. Mhudumu wetu hakuwa amekosea.

Kundi la usiku ule lilikuwa la vijana saba, wengi wavuvi. Wimbo uliowainua watu wote ulihusu ukuta. Mvuvi anatoka na nyavu asubuhi, anakuta njia aliyopita babu yake kwenda majini imezibwa, mlinzi anamwambia zunguka. Anazunguka, anakuta ukuta mwingine. Anazunguka tena. Kila kinanda kilipolia, duara zima linaitikia "zunguka!" na watu wanazunguka kweli, wazee kwa watoto. Yule Mwingereza alirukaruka mpaka ndala moja ikapotea.

Kwenye mapumziko nikamfuata mpiga kinanda. Alikuwa mkubwa kwangu, nikamwamkia, "Shikamoo kaka." Akaitikia, tukakaa kwenye ngalawa iliyopinduliwa. Ndipo akanipa mkasa wa wimbo ule.

Kipindi cha uchaguzi mgombea mmoja aliwafuata. Laki nne taslimu na kinanda kipya, wapige kwenye mikutano yake wiki nzima. Sharti ni wamtungie wimbo wa sifa, na ule wa ukuta wauache. Walikaa kikao chini ya mwembe usiku kucha. Wawili wakasema hela ni hela, watoto wanataka kula, na hawakusema uongo. Saba waliobaki wakakataa. Wale wawili wakaondoka, mmoja ni mdogo wake wa tumbo moja.

"Mnaongea?" nikamuuliza.

"Tunasalimiana. Alikuwa ndiye fundi wa amplifaya. Sasa ikifa naihangaikia peke yangu."

Msomaji, nilinyamaza, na mnajua mimi kunyamaza si kazi yangu. Maana mwaka juzi nilialikwa mahali kwenye ufunguzi wa nyumba ya kulala wageni, nikapewa bahasha ya kaki, nikawaandikia hapa hapa kwamba vyumba ni vya kifalme. Usiku ule panya alinipitia kifuani. Bahasha ilikuwa na elfu thelathini. Na mimi sikukaa kikao chini ya mwembe wowote. Nilimwambia yule kaka habari hiyo. Akacheka sana, akaniuliza, "Panya mkubwa?"

Saa sita kasoro akaja mtendaji na tochi yake, kibali kimeisha, zimeni. Mtendaji mwenyewe nilimwona mapema anaitikia "zunguka" na wenzake, lakini kazi ni kazi. Walimalizia bila spika, ngoma na kigoda tu, mpaka mama mwenye shughuli alipowaletea pilau kwenye sinia.

Nikamwambia mpiga kinanda kwamba nitawaandika. Akasema andika, ila jina la kundi na kijiji acha, mgombea yule alipita na yuko karibu. Kisha akakifunga kinanda kwenye khanga, akanionyesha, kitufe kimoja kimekufa na anakipiga akikiruka. Kinakula betri sita kubwa kwa usiku mmoja, na Ijumaa wana shughuli nyingine.

Nikatoa hela ya betri sita. Akahesabu, akachukua ya nne, ya mbili akanirudishia, akasema hizo zipo nyumbani kwenye redio ya mama yake.